Shahada ya muziki: usidanganywe na jina la cheti

Vyuo viwili vinaweza kutoa shahada ya muziki yenye jina lilelile, wahitimu wake wakatofautiana kama seremala na mwanahistoria wa samani. Kabla ya kuomba, tafuta orodha ya masomo ya miaka yote, kisha ujibu maswali mawili: nitapata dakika ngapi kwa wiki na mwalimu wa ala yangu, na asilimia ngapi ya alama itatokana na kupiga au kuimba?

Kwenye konsavatori (vyuo maalumu vya kufundisha upigaji na uimbaji) za Uingereza, mfano Royal Academy of Music, BMus, yaani shahada ya kwanza ya muziki, huchukua miaka 4, mwalimu wa ala unakutana naye peke yako kila wiki, na okestra au vikundi vidogo vimo ndani ya ratiba. Vyuo vikuu vingi vya England humaliza kwa miaka 3, na uzito huegemea historia, uchambuzi na utunzi. Masomo ya ala huko yanaweza kuwa saa chache tu kwa mwaka, au chuo kikayalipia kwa wale tu waliochagua somo la upigaji. Hapo ndipo wapigaji wazuri hunaswa: nafasi kwenye somo hilo mwaka wa pili wakati mwingine hutegemea alama za mwaka wa kwanza. Uliza, na upate jibu kwa maandishi.

Marekani herufi za jina la shahada zina maana zaidi. Kwenye Bachelor of Music, takriban theluthi mbili ya krediti (vipimo vya uzito wa masomo) ni muziki. Kwenye BA (Bachelor of Arts) ni kama theluthi moja, zilizobaki nyingi ni elimu ya jumla. Usiidharau BA. Anayetaka kuchanganya muziki na fani nyingine humfaa zaidi. Asiyetaka kuchagua anaweza kutazama chuo cha Oberlin cha Marekani, chenye shahada mbili kwa miaka 5, au, Uingereza, kozi ya pamoja ya miaka 4 ya University of Manchester na konsavatori ya Royal Northern College of Music. Wa kurekodi sauti ni habari nyingine kabisa: kozi ya Tonmeister (muziki na kurekodi sauti) ya University of Surrey, Uingereza, ina fizikia ya sauti na vifaa vya umeme, kwa hiyo anayekimbia hesabu asiikaribie.

Tarehe huponza wengi. Maombi ya konsavatori za Uingereza hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, ilhali ya vyuo vikuu vingi hufungwa Januari. Marekani, shule nyingi hudai kwanza video, mara nyingi kufikia tarehe 1 Desemba, ndipo zikuite kwenye usaili wa kupiga au kuimba mbele ya jopo.

Kwenye video, kila kipande kirekodiwe mfululizo bila kuunganisha vipande. Zima urekebishaji sauti wa kiotomatiki wa simu, maana hupandisha sehemu za sauti ndogo na kubana za sauti kubwa, na jopo likadhani hujui kupunguza nguvu. Chagua kazi unayoimudu tangu miezi 6 iliyopita, si ile ngumu uliyoianza juzi. Kwenye usaili wenyewe, wakikukatisha katikati usishtuke. Muda wao ni mfupi na wameshasikia walichokitaka.

Bado kuna mwalimu. Jina kubwa kwenye tovuti huenda halifundishi mwaka wa kwanza hata kidogo. Muulize msajili nani atakayekufundisha, kisha umwombe huyo somo moja la majaribio kabla hujatuma maombi.