Dada wa Mazoezi Anajibu: Nina kilo 48, kazi ya fizio nitaiweza?

*Shikamoo dada. Mi ni binti wa miaka 20 nipo Uyole, nimemaliza form six, nilisoma PCB. Nataka kusomea fiziotherapia, ile tiba ya mazoezi ya viungo, ila baba anasema hiyo ni kazi ya kukanda watu maji ya moto tu, hata bibi anaiweza bila kwenda chuo, na mama naye anasema na hivi vikilo vyangu 48 nitawanyanyuaje wanaume wazima. Niliipenda hii kazi kaka yangu alipopata ajali ya bodaboda akavunjika paja, mimi ndo nilikuwa nampeleka mazoezi. Nieleze ukweli, nitaiweza?*

Marahaba mdogo wangu, ugonile. Nimeisoma barua yako mara mbili maana na mimi nyumbani niliambiwa hivyohivyo, sema mi nilikuwa na kilo 52.

Nianze na baba. Kukanda na kuchua vipo kwenye kazi yetu lakini ni sehemu ndogo sana, na wakati mwingine kuchua kunaua. Mtu katoka kulala wodini wiki kadhaa, shavu la mguu mmoja limevimba, lina moto, linauma, ndugu wanakuambia dada tuchulie hapo. Ukichua hapo na ndani kuna bonge la damu, likang'oka likaenda mapafuni, umempoteza mtu mikononi mwako. Fizio anaangalia, anagusa, anauliza maswali mawili matatu, anamrudisha kwa daktari siku hiyohiyo bila kumfanyia zoezi lolote. Muulize baba hilo bibi angelijuaje, na muulize kwa heshima.

Na kaka yako unamkumbuka goti lilivyokuwa? Mtu akivunjika paja akalala wiki sita mguu umevutwa kwa uzito, mfupa unaunga lakini goti linaganda. Sasa sisi tunapima kwa goniomita, ile kama rula mbili zimeunganishwa, tunajua leo goti limekunja digrii 60, wiki ijayo 75. Kwa nini tunahangaika na hizo digrii? Kwa sababu kukaa vizuri kwenye kiti unahitaji kama 90, ila kuchuchumaa kwenye choo cha shimo unahitaji zaidi ya 120, na huku kwetu mtu asiyeweza kuchuchumaa anakuwa mgonjwa wa kusubiri kusaidiwa hadi chooni. Kwahiyo siwezi kumwambia kijana wa Mbalizi umepona eti kwa sababu anakaa kwenye kiti cha ofisini kwangu.

Nguvu ya msuli nayo ina alama zake, 0 mpaka 5. Alama 1 ni hivi, unaweka vidole viwili juu ya paja la mgonjwa, unamwambia kaza, mguu hausogei hata kidogo ila chini ya vidole vyako unasikia kitu kimeshtuka kama samaki mdogo. Ndugu waliosimama pembeni hawaoni chochote, wanakata tamaa, wewe unajua huyu ana pa kuanzia. Aisee mimi mpaka leo nikikisikia kile kishindo kidogo nafurahi kama siku ya kwanza.

Sasa mwili wako. Kazi ni nzito, nisikudanganye. Unasimama kutwa, unainama, unapiga magoti sakafuni na watoto wenye mtindio wa ubongo, unashika mguu wa kichanga mwenye nyayo zilizopinda usitikisike hata kidogo mwenzako akifunga hogo, ile plasta ngumu, na hilo hogo linabadilishwa kila wiki. Vidole gumba vinauma. Kiuno kinauma. Juni na Julai hapa Mbeya unayajua mwenyewe, mikono inakuwa barafu na huwezi kuigusa shingo ya bibi wa watu na mikono ya namna hiyo, mi nakaa na chupa ya maji ya moto nayapashia viganja.

Ila kumnyanyua mgonjwa si suala la kilo. Mimi niliumia mgongo mwaka wa pili kazini, na sikuumia kwa udogo, niliumia kwa haraka. Mgonjwa alikuwa anateleza kitandani, tulikuwa wachache zamu ile, nikamkamata kwapani peke yangu miguu imenyooka nikamvuta. Nikasikia kitu kimekatika kiunoni. Wiki tatu siwezi kuinama kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyekuwa amenilazimisha, na tangu siku hiyo naita mtu, hata kama ni mlinzi wa getini.

Njia yenyewe ipo hivi. Mgonjwa unamsogeza mpaka ukingo wa kitanda, nyayo zake zimekanyaga chini, kiti kiko upande wake wenye nguvu. Unamfunga kitenge kiunoni kikakaza, ndo unashika hapo, sio mkono wake. Goti lako unaliweka mbele ya goti lake bovu lisikunje ghafla. Unakunja magoti yako, mgongo umenyooka, unamwambia inama mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo makalio yenyewe yanakuwa mepesi. Moja, mbili, tatu, yeye anasukuma na wewe unaongoza. Nimemsimamisha dereva wa lori mwenye kama kilo 95 hivyo na ni yeye aliyefanya kazi kubwa. Ukiona umebeba mgonjwa mzimamzima kama gunia la viazi pale Uyole ujue umekosea, kwanza utaumia, pili yeye hajajifunza kitu.

Kwahiyo ndio utaiweza. Anza mazoezi ya miguu na tumbo sasa hivi, kupanda milima unako. Kwa chuo, wengi tumepitia KCMC, ile hospitali yenye chuo kule Moshi, kuna diploma na digrii, na PCB yako ndo yenyewe. Jiandae na anatomia maana mifupa tu ni 206 na kila msuli utaulizwa unaanzia wapi na unaishia wapi.

*Kamwene dada. Mama yangu alipata kiharusi mwezi uliopita, upande wa kulia hauna nguvu. Tupo Ilula, tumemleta nyumbani. Tukitaka kumkalisha tunamvuta huo mkono ila sasa bega linamuuma sana analia. Tufanyeje?*

Kamwene, poleni sana. Acheni kuuvuta huo mkono kuanzia leo, tafadhali. Bega linashikiliwa na misuli, misuli ikilegea mfupa unaning'inia, mkivuta unatoka kidogo kidogo na maumivu yake hayaishi haraka. Mkimkalisha mgeuzeni kwanza alale ubavu, mshusheni miguu, mikono yenu iwe mgongoni kwenye bega na kwenye nyonga. Akikaa, mkono ule uwekeni juu ya mto, usining'inie. Akilala mgeuzeni kila baada ya masaa mawili, vidonda vya kulalia vinaanza haraka kuliko watu wanavyodhani. Kama alipewa dawa za presha asiache hata siku moja, na mpelekeni hospitali fizio amuone hilo bega, msikae nalo nyumbani, hii miezi ya kwanza ndo mwili unarudisha vitu vingi.

Na msimfanyie kila kitu kwa huruma. Mkichambua maharage mpakatisheni ungo, mkono wa kushoto uushike ule wa kulia, vidole viguse maharage, asukume moja moja hata kama atamaliza kumi tu mpaka jioni.