Kwa nini sikubaki Ketura

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: kama Ketura kulikuwa na usawa ninaousifu kila siku, mbona nilirudi Kilifi?

Ketura ni kibutsi, kijiji cha ujima, katika bonde la Arava kusini mwa Israeli. Vijana, wengi wao Wamarekani, walikianzisha mwaka 1973. Mvua yao ya mwaka mzima, kwetu hunyesha kwa siku moja ya masika. Mitende inanyweshwa kwa mipira yenye vitundu, tone kwa tone, na maji yenyewe yana chumvi. Mtende unaistahimili.

Nilikwenda mwaka 1991 kujifunza kilimo, wakanipeleka mitendeni. Babu yako alikuwa mkwezi wa minazi, kwa hiyo karara, lile ganda linalofunika maua, halikunitisha. Kilichonishangaza ni kwamba hawaungoji upepo. Unachukua chavua ya mtende dume, unapandishwa juu kwa mashine, unaipaka kwa mkono kwenye maua ya jike, karara moja baada ya jingine. Ukichelewa, hakuna tende.

Na pesa? Mapato yote yaliingia mfuko mmoja. Mhandisi na mpishi walipata posho sawa. Mwenye watoto wengi ndiye aliyeongezewa. Magari yalikuwa ya wote. Kuosha vyombo bwaloni kulikuwa kwa zamu, na mtunza hazina alisugua masufuria ubavuni pangu, jasho likimtiririka. Sijaona hilo kwingine, na nalipenda mpaka leo.

Lakini palikuwa na mama mmoja mzee, aliyelelewa kibutsi kingine, enzi zile watoto walipolala pamoja katika nyumba yao, mbali na wazazi. Utaratibu huo ulikuwa umeachwa karibu kila mahali. Aliniambia kwamba akiota ndoto mbaya usiku, aliyekuja kumbembeleza ni mlinzi wa zamu. Hakulalamika. Alisema tu, huku akimenya chungwa.

Usiku huo sikulala. Wewe ulikuwa na miezi saba, nami nilikuwa sijakubeba hata mara moja. Nilikujua kwa picha aliyonitumia mama yako. Walinishauri niongeze mwaka. Nikakataa, nikamaliza mavuno, nikaondoka.

Nilipofika nyumbani hukunijua. Ulilia sana. Mama yako akanyoosha mikono akuchukue, nikamwambia aniache nawe kidogo, nikakuzungusha uani mpaka ukasinzia begani.

Baba yako