Cloverfield ni filamu ya ukumbini, simu haiiwezi

Mleta mada anasema ameiona Cloverfield, ile filamu ya dubwana linalovamia New York, kwenye simu, kamera inayumba mwanzo mwisho, dubwana lenyewe halionekani vizuri, na hajui watu walishangilia nini mwaka 2008. Mkuu, mimi nilikuwa kati ya walioshangilia, ngoja nikueleze. Nitamwaga yote mpaka mwisho, maana filamu ya zamani hivyo haina siri tena.

Enzi hizo nabeba boksi New Jersey. Julai 2007 tulikwenda kuona Transformers, na kabla haijaanza likapita tangazo la filamu isiyo na jina. Vijana wako kwenye sherehe, kinasikika kishindo, taa zinakatika, wanapanda juu ya paa, mlipuko mkubwa kwa mbali, wanashuka mbio barabarani, halafu kichwa cha Sanamu ya Uhuru kinaanguka na kubiringika mpaka katikati ya mtaa. Baada ya hapo tarehe tu: 1-18-08. Ukiacha jina la prodyuza J.J. Abrams, hatukuwa na pa kushika. Miezi yote iliyofuata watu walibishana kazini na mitandaoni ni mnyama gani huyo. Wengine wakalalamika kwamba kile kichwa ni kidogo mno, kumbe kilikuwa kwenye vipimo vyake halisi! Waliotengeneza filamu wakaamua kukikuza.

Siku yenyewe tuliionea Manhattan, wiki ileile ilipotoka, ukumbi umejaa. Mlangoni kulikuwa na karatasi ya kuonya kwamba picha inatikisika na baadhi ya watu wanaweza kusikia kichefuchefu. Tukacheka.

Filamu inaanza kama mkanda wa serikali, uliookotwa mahali ambapo zamani palikuwa Central Park. Kwa hiyo kabla hujakaa sawa umeshaambiwa New York imekwisha. Halafu dakika kama ishirini ni sherehe tupu: Rob anahamia Japani kikazi, wenzake wanamuaga, rafiki yake Hud amekabidhiwa kamera akusanye salamu, naye anamfuata msichana mmoja kila kona. Ukumbi ukaanza kuguna. Kwenye simu ndipo wewe ulipoisogeza mbele, nakubashiria. Ukumbini huna pa kusogeza. Unakaa na wale vijana, unasikia umbea wao, unawazoea bila kupenda.

Kishindo cha kwanza hatukukisikia kwa masikio. Kilipita kwenye miguu ya viti. Nakumbuka kikombe cha soda cha jirani yangu kikitetema kwenye tundu lake, na watu waliokuwa wakinong'ona wote wakakata kwa pamoja. Hapo ndipo spika ya simu inaposhindwa kabisa, kwa sababu filamu hii haina muziki wowote wa kuandamana na matukio. Muziki wa Michael Giacchino unakuja mwishoni, majina yakipita. Katikati ni mngurumo, vioo, ving'ora, watu wakiitana. Hakuna ngoma ya kukutayarisha kwamba sasa tisha linakuja. Ni uongo mtupu ukifikiria, kamera ya mkononi isingeweza hata siku moja kurekodi sauti nene kiasi kile, lakini nani alikuwa na nafasi ya kufikiria?

Kilichonikaa mimi zaidi ni Hud. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulimzoea Lufufu, akiongea juu ya picha kwa Kiswahili, anakueleza nani adui, anatia chumvi, anacheka kabla yako. Hud ni hivyohivyo, yuko nyuma ya kamera na domo halifungi. Tofauti ni kwamba Lufufu aliijua picha mpaka mwisho, wakati Hud hajui chochote, na akiogopa anaropoka zaidi. Mtangazaji wako mwenyewe amepotea! Ndiyo maana alipoliwa na dubwana, kamera ikaanguka majanini, lenzi ikahangaika kati ya majani na uso wake, mimi nilishtuka kuliko pale daraja la Brooklyn lilipovunjika. Kibandani tulifundishwa kwamba stelingi hafi. Humu anakufa stelingi na anakufa mpiga picha.

Halafu kuna lile handaki la treni. Wanatembea gizani, panya wanapita mbio wote upande mmoja. Mtu anajiuliza panya wanakimbia nini. Hud anawasha kamera ione gizani, na wale wadudu waliodondoka kutoka mwilini mwa dubwana wamejipanga ukutani nyuma yao. Kelele iliyopigwa ukumbini sijaisikia tena. Dada mmoja mbele yangu alimrukia mtu aliyekuwa peke yake kiti cha pili, wakaombana radhi, tukacheka, na kabla kicheko hakijaisha tukapigwa tena. Kicheko na woga vinaambukiza, na peke yako kitandani huna wa kukuambukiza. Tulirudi Jersey kwa treni inayopita chini ya mto Hudson. Sitasema nilikuwa naangalia wapi njia nzima.

Kuna jambo jingine ambalo mtu wa mbali huenda asilione. Lile wingu la vumbi linalojaza mtaa, watu wamejificha dukani, wanatoka weupe kwa vumbi kama majivu: kwa watu wa pale hayo yalikuwa ya Septemba 2001, miaka sita na kidogo tu nyuma. Wakosoaji wengine walikasirika. Ukumbi wetu ulinyamaza, hakuna aliyetafuna bisi.

Sikatai udhaifu wake. Mapenzi ya Rob na Beth, yule msichana anayemrudia mjini kumwokoa, hayana uzito, na betri ile ya kamera ni ya miujiza. Pia naona walikosea kutuonyesha uso wa dubwana kwa karibu pale Central Park. Mguu na mkia kati ya maghorofa vilitosha. Na hamu yake ilipoa haraka: wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza dola milioni 40 hivi, ya pili ikashuka kwa zaidi ya theluthi mbili. Siri ilikwisha, na siri ndiyo tuliyoilipia.

Kwa hiyo ikitokea ukumbi wa kwenu unairudisha, au inakuja nyingine ya mkanda uliookotwa, nenda siku za mwanzo. Kaa safu za nyuma, katikati. Macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halihisi, ndicho kinacholeta kizunguzungu, na ukiwa nyuma unaona kuta na vichwa vya watu, kinapungua. Kikizidi fumba macho, sauti peke yake inatosha. Ukilazimika kubaki na simu, basi vaa spika za masikioni, zima taa na usisogeze mbele ile sherehe. Picha ya mwisho, wakiwa Coney Island, tazama baharini upande wa kulia: kuna kitu kinadondoka majini. Mimi ukumbini sikukiona, nilionyeshwa baadaye.