Sista, hiki kidonge si cha kila siku?

Maswali ya wiki hii ni ya baridi yabisi, ugonjwa wa viungo: vidole, magoti, vifundo. Nayajibu kama ninavyojibu nikiwa kliniki.

Nimeanzishiwa methotrexate, dawa ya ugonjwa huu. Nesi kasema ninywe mara moja tu kwa wiki. Mbona dawa zangu nyingine ni za kila siku? (Arua)

Kakwambia sawa. Chagua siku moja, tuseme Ijumaa, uiandike kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Ukiinywa kila siku inaweza kukuua, maana inadhoofisha uboho unaotengeneza damu.

Nakiri kosa langu. Zamani nilimwambia mama mmoja "vidonge sita kwa wiki", nikaita anayefuata. Akanywa kimoja kimoja, Jumatatu hadi Jumamosi, akarudi mdomo umejaa vidonda. Yeye alifuata nilichosema; mimi ndiye niliyesema nusu, sikumwambia kwamba vyote sita ni vya siku moja. Tangu siku ile mgonjwa haondoki mbele yangu kabla hajanieleza kwa maneno yake atainywaje.

Asidi ya foliki uliyopewa usiidharau, ndiyo inayopunguza vidonda hivyo na kichefuchefu. Waragi, pombe yetu kali, weka kando, ini lina kazi ya kutosha. Dukani ukiuziwa Septrin, ile antibiotiki, kwa ajili ya kikohozi, ikatae na useme unatumia nini: zikikutana hizo mbili, chembe za damu huporomoka. Ukitaka mtoto, tuone kwanza. Dawa hii huachwa miezi kadhaa kabla ya mimba.

Mama mkwe anasema nimepata ugonjwa huu kwa kuoga maji baridi baada ya kujifungua. (Kisenyi, Kampala)

Jina lenyewe linatuponza: baridi yabisi! Baridi inaweza kukuzidishia maumivu, lakini chanzo ni kinga ya mwili kugeuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Hata hivyo mama mkwe ana jicho. Kwa baadhi ya wanawake ugonjwa huanza kweli katika miezi ya baada ya kujifungua. Wakati kaupatia, sababu ndiyo imemkwepa.

Asubuhi mke wangu hashiki hata kisu cha kumenya matoke. Nimkataze kazi? (Bombo)

Usimkataze, mpangie. Aloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu, avikunje na kuvikunjua vidole taratibu, na kazi ya kisu ingoje ukakamavu upungue. Mpini wa kisu uzungushie mpira wa tairi la baiskeli uwe mnene, usimlazimu kukaza ngumi. Jerikeni la lita 20 beba wewe, bwana. Siku kiungo kimevimba na kina moto, apumzike. Siku nyingine atembee, kwani asiyetembea misuli hunywea na kiungo hukosa wa kukishikilia.

Kuna unga wa mitishamba sokoni, unatuliza siku hiyo hiyo. (Jinja)

Kasi hiyo ndiyo inayonitia shaka. Baadhi ya unga wa namna hiyo huchanganywa kisirisiri na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Kama umeutumia kwa wiki nyingi usiuache ghafla. Uje nao kliniki, pamoja na karatasi yake.

Mimi ni nesi wa kituo cha afya cha ngazi ya tatu. Foleni ina watu arobaini, nitafundisha saa ngapi? (Masindi)

Jambo moja kwa kila ziara, mwenzangu. Leo siku ya dawa, mwezi ujao kipimo cha damu, baadaye mazoezi. Mengine wafundishe kwa pamoja wakiwa benchi wanangoja, na mgonjwa mzoefu mpe nafasi aseme. Wanamsikiliza kuliko mimi na wewe.