Kura ya 1925 Japani ilikuwa ya wanaume tu

Je, sheria ya uchaguzi ya 1925 iliwapa Wajapani wote kura? Hapana. Iliwapa wanaume wa miaka 25 na kuendelea. Ilichofuta ni sharti la kodi. Jina lake ndilo linalopotosha, maana huitwa sheria ya haki ya kura kwa wote, na wanafunzi wangu wa historia hukwama hapohapo kila mwaka.

Uchaguzi wa kwanza, 1890, ulimtaka mpiga kura awe analipa yeni 15 za kodi kwa serikali kuu, kwa hiyo waliostahili walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu. Tena hakukuwa na siri: mtu aliandika jina na anwani yake kwenye karatasi ya kura, akagonga muhuri wake. Kiwango kilishuka hadi yeni 10 mwaka 1900, kisha 3 mwaka 1919. Uchaguzi wa Februari 1928 ukawa na watu zaidi ya milioni 12 wenye haki ya kura, ingawa maskini walioishi kwa msaada walibaki nje.

Wanawake, baada ya miaka mingi ya kupigania, walipata haki hiyo Desemba 1945. Aprili 1946 wakaingia bungeni 39.