Yule mzee aliyemwangalia mtoto akanyamaza

Mwanangu, meseji yako nimeisoma. Umeniuliza kwenye ile muvi ya Kikorea, Spring, Summer, Fall, Winter... and Spring, ya mwongozaji Kim Ki-duk, ya 2003, mbona yule mtawa mzee wa Kibudha alimuona kabisa dogo anafunga vijiwe kwa uzi kwenye samaki, chura na nyoka halafu akakaa kimya, mtu wa dini gani huyo.

Angalia ule mlango wa ndani ya hekalu lao, pale bwawani. Chumba hakina ukuta, kuna fremu na mlango tu vimesimama, na bado wote wawili wanafungua wanapita pale pale, mpaka siku kijana keshakua na yule binti aliyeletwa na mama yake apone kalala upande wa pili, ndo anatambaa pembeni pasipo na mlango. Mzee alilea hivyo, mtu ajizuie mwenyewe bila ukuta. Angemkemea siku ile mtoto angeacha kwa kumuogopa yeye tu, kesho anaenda kufunga mawe nyuma ya mlima. Badala yake akamfunga jiwe mgongoni akiwa usingizini, asubuhi akamwambia nenda kawafungue, na kama kuna aliyekufa hilo jiwe utalibeba moyoni maisha yako yote.

Sasa hapo ndo nabishana nae. Samaki kafa, nyoka kafa, kapona chura tu, na wale hawakuomba kuwa darasa la mtu. Halafu somo lenyewe lilizuia nini? Dogo kakua, kaoa, kamuua mkewe, karudi hekaluni na kisu. Mi ningepiga kelele pale pale, unanijua.

Ila mzee hata polisi walipokuja hakumficha. Anachovya mkia wa paka kwenye wino anaandika sutra, yaani maandiko ya Kibudha, kwenye mbao za nje, anamwambia achonge herufi zote kwa kisu kile kile, na wapelelezi wawili wanasubiri amalize, mwisho wanasaidia kupaka rangi, pale nilicheka kwa kweli. (Hekalu usilipangie nauli, lilijengwa kwa ajili ya muvi tu pale bwawa la Jusanji, bwawa ndo la kweli, la umwagiliaji, la karne ya 18.)

Akirudi kutoka jela mzee keshafariki, bwawa limeganda, na hapo anayeigiza ni Kim Ki-duk mwenyewe. Anajifunga jiwe la kusagia kiunoni, kabeba sanamu, anapanda mlima, na wale samaki, chura na nyoka wanarudi kwenye picha. Yaani lile jiwe halikumzuia kuua, lakini ndo lilikuwa pa kuanzia aliporudi, na nadhani mzee hakutegemea zaidi ya hapo. Kwangu haitoshi, maana mke keshakufa.

Mdogo wako nae anaitaka, nimemkatalia, kile kipande cha kiangazi, cha kijana na yule binti, hapana, amalize form four kwanza. Mi sio yule mzee.

Mama yako