Mwanangu, umeniuliza kuhusu Babu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Bukoba. Sisi wazima, mvua zinanyesha, na tangu tuanue matanga bibi yako ameanza kula vizuri kidogo. Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza kama Babu alikuwa baba mwema kwetu sisi wanawe, au wema wake uliishia kwa watu, maana pale msibani uliona wajane wanamlilia kuliko sisi.

Ngoja nikueleze kwanza kwa nini walilia.

UKIMWI uligunduliwa hapa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata wanaume walikwisha. Mume akishazikwa, ukoo unakaa kikao, mjane anaambiwa kibanja, yaani shamba la migomba na nyumba, ni cha ukoo, arudi kwao. Na maandishi ya kusimamia walikuwa nayo: sheria za mila zilizotangazwa 1963 zilisema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, atatunzwa na watoto wake. Babu alikuwa mzee wa baraza katika mahakama ya mwanzo. Hakimu alikaa na wazee wawili, kila mmoja na kura yake. Alipochoka kushindwa, wawili kwa mmoja, aliuacha ubaraza akaanza kuwaandikia wajane rufaa, bila kudai hata mkungu wa ndizi. Haki si fadhila, alisema, mwenye nayo asiipigie magoti. Hata mimi nasema hivyo mpaka leo, unanijua.

Sasa siku yangu ya kwenda kuanza kidato cha kwanza, 1987. Alfajiri sanduku la bati limeshafungwa kwenye baiskeli, mama amenifungia karanga, mara anatokea mjane mmoja. Alikuwa amekwenda mtoni, kurudi akakuta shemeji zake wamepigilia mlango misumari. Babu akasema, "Tutapitia."

Tulipitia mpaka jua likazama. Wale shemeji walimpokea kwa heshima zote nyumba ya pili, wakatandaza nyasi mbichi, wakaleta kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Babu akakirudisha kikapu. Unajua kwetu kurudisha kahawa ya mtu ni jambo gani. Akasema hatatia punje mdomoni mpaka akaribishwe na mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko nje amekalia mpini wa jembe. Hakupandisha sauti, hakuondoka. Mimi niko chini ya mbuni juu ya sanduku langu, sare mpya inashika vumbi, nalia. Jioni yule shemeji mkubwa akaenda kuchukua nyundo. Aling'oa misumari mmoja mmoja na kuitia mfukoni mwa shati. Mama wa watu akaingia kwake, akatoka na kikapu kilekile, na Babu akachukua punje moja akatafuna.

Shuleni tulifika kesho yake mchana. Vitanda vizuri vilikuwa vimekwisha, nikapewa cha mlangoni penye upepo, wenzangu wakanicheka. Mwalimu wa zamu alipouliza kwa nini tumechelewa, Babu akajibu, "Tulikuwa na kazi." Nilimnunia mpaka likizo. Kazi gani niliyofanya mimi, zaidi ya kulia? Lakini alisema tulikuwa, mbele ya mwalimu, na sijui kama amewahi kuniambia neno lililonipendeza kuliko hilo.

Februari 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alitoa hukumu ya Holaria Pastory, Mhaya mwenzetu wa Muleba. Yule mama alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, akaliuza kwa shilingi 300,000, mpwa wake akamshitaki kwamba mwanamke hana ruhusa. Jaji akasema anayo, Katiba inakataza ubaguzi. Babu alitafuta nakala, akatusomea kwa taa ya chemli, akimgeuzia bibi yako kwa Kihaya mstari kwa mstari. Kisha akatangaza kwamba na binti zake watapata ardhi. Baba mdogo mmoja aliondoka bila kumaliza lubisi yake, pombe yetu ya ndizi.

Alipima mwenyewe kwa hatua. Vipande sawasawa, wa kiume kwa wa kike. Ila changu kiko bondeni, na mibuni yote iko juu kwa wajomba zako.

Labda alijua cha juu kingegombewa akishafariki, akanipa kisichotamaniwa na mtu. Labda alichoka kupigana na ndugu zake. Na kweli ndizi za bondeni ndizo zilizolipa ada yako, siwezi kulipita hilo. Lakini haki si fadhila! Nikiwaona wanaanika kahawa natamani angekuwa hai nimuulize, na miaka 94 aliyoishi, mimi sikuuliza, naye hakusema.

Unataka nijibu ndiyo au hapana. Neno liko mdomoni kabisa, lakini siliandiki. Waulize kwanza wajomba zako, maana waliopata mibuni ndio walionuna zaidi. Krismasi njoo na watoto, nikuonyeshe wosia wenyewe ujisomee. Uko kwenye bahasha ya kaki pamoja na ile nakala ya hukumu. Ukishausoma, ukaniuliza tena ana kwa ana, sidhani kama nitaweza kunyamaza.

Mama yako